UZITO WA MPINI NA USO WA ASKARI

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, leo twapenda kusema nanyi juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu hukishika mkononi kabla jua halijachomoza, lakini ni wachache wanaokifikiri baada ya kukiweka chini. Nacho ni mashine ya kunyolea ndevu. Si ile ya umeme itumiwayo na vinyozi, bali ile ya mkono, yenye kichwa cha kubania wembe na mpini wa kushikia. Swali letu ni moja: uzito wa mpini una kazi gani katika kunyoa, na askari achague mpini upi? Dada zetu walio kazini watatuwia radhi, maana habari ya leo ni ya ndevu.

Wapo watakaoona kwamba jambo hili halistahili kupewa nafasi gazetini. Sisi hatukubaliani nao. Raia akiamka na vipele usoni aweza kuacha kunyoa kwa juma zima, na hapana atakayemwuliza. Askari hana nafasi hiyo. Kazi yake yamtaka asimame gwarideni uso ukiwa safi leo, na kesho, na keshokutwa. Akinyoa vibaya leo, kesho atalazimika kupitisha wembe juu ya kidonda cha jana, na siku ya tatu juu ya vidonda viwili. Ndipo tunapowaona vijana wenye shingo zilizojaa vipele vyeusi, vingine vikitunga usaha, huku wakubwa wao wakidhani kwamba kijana ni mchafu. Si uchafu hata kidogo. Mara nyingi yule mwenye vipele vingi ndiye aliyejitahidi kunyoa kuliko wenziwe wote.

Madaktari wameueleza ugonjwa huu vizuri. Ndevu za mtu mweusi aghalabu hujipinda. Zikikatwa chini mno ya usawa wa ngozi, ile ncha kali iliyobaki hukua kwa kujikunja, ikatoboa nyama kutoka ndani, au ikatoka nje kidogo na kuingia tena, na mwili ukapigana nayo kama unavyopigana na mwiba. Katika jeshi la Marekani, ambamo weusi ni wengi, maradhi haya yamekuwa sababu ya askari wengi kupewa cheti cha daktari cha kuacha kunyoa kwa muda. Na chanzo cha kukata chini mno ni mambo mawili makubwa. La kwanza ni nyembe nyingi katika kichwa kimoja, mtindo ulioanza kuenea tangu mwaka 1971, ambapo wembe wa kwanza huuvuta unywele na wa pili huukata ukiwa umevutwa, nao ukisha kukatwa hurudi ndani ya ngozi. La pili ni kukandamiza. Hapa kwenye kukandamiza ndipo mpini unapoingia.

Tuangalie kwanza mpini mwepesi ulitoka wapi, kwani si mkongwe. Mashine ya wembe wa kubadilisha ilipata hataza huko Marekani tarehe 15 Novemba 1904, kwa jina la King Camp Gillette. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka wa kwanza wa biashara yake, kampuni iliuza mashine 51 tu. Kilichoipeleka mashine hiyo kwa watu wa kawaida ni jeshi. Tangu Wajerumani walipofungulia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, tarehe 22 Aprili 1915, kila askari alihitaji kinyago kinachobana uso barabara, na ndevu huacha mwanya wa gesi kupenya. Marekani ilipoingia vitani iliwapa askari wake mashine zipatazo 3,500,000, pamoja na nyembe zaidi ya 30,000,000. Vita vilipokwisha vijana wale walirudi makwao na mashine zao na desturi yao ya kunyoa kila siku. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mashine hii ni chombo cha askari, hajakosea.

Mipini ya wakati ule ilikuwa ya shaba. Katika Vita Kuu ya Pili shaba ilitakiwa kwa maganda ya risasi na mizinga, na baadhi ya mashine zikatengenezwa na mpini wa plastiki. Kisha mwaka 1975 kampuni ya Bic ikatoa wembe wa kutumia na kutupa, wote plastiki isipokuwa makali yake, na uzito wake haufiki gramu 10. Huo ndio unaouzwa leo madukani na vibandani, na ndio ambao kuruta wengi huanza nao. Basi wepesi wa mpini haukuanza kwa kuwa ngozi iliutaka. Ulianza kwa uhaba wa madini, ukaendelea kwa sababu ya bei.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Kila aliyepita mafunzo amefundishwa kuishika bunduki pale ambapo mbele na nyuma vyalingana, na ajua kwamba akiishika mahali pengine itamshusha mkono. Mashine ya kunyolea nayo ina mahali pake pa kulingana. Uilaze juu ya kidole kimoja, uisogeze taratibu mpaka itulie bila kuinama upande wowote. Pale ilipotulia ndipo kitovu cha uzito wake.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Kichwa cha mashine pamoja na wembe wake kina gramu 30. Mpini una urefu wa sentimeta 9, na uzito wake umeenea sawasawa, hivyo kati yake ni sentimeta 4.5 kutoka kichwani. Tufunge mpini wa plastiki wa gramu 15: mashine italingana sentimeta 1.5 tu kutoka kichwani. Tuuondoe tufunge wa gramu 50: mahali pa kulingana pasogea hadi sentimeta 2.8. Tufunge wa gramu 90, ambao ni mzito kweli: pafika karibu sentimeta 3.4. Kumbe kila mpini unapoongezeka uzito, kitovu huondoka kichwani na kuja mkononi.

Watu wengi husimama hapo na kusema: mashine nzito huulemea uso zaidi. Haiwi hivyo daima. Yategemea vidole viko wapi. Mtu akiishika kwa vidole vilegevu, kama ashikavyo kalamu, sentimeta 5 kutoka kichwani, kichwa chenye mpini wa gramu 15 kitalemea kwa gramu 31 na nusu. Chenye mpini wa 50 kwa gramu 35. Chenye mpini wa 90 kwa gramu 39. Tofauti ni ndogo mno, ingawa mpini wa tatu ni mzito mara sita kuliko wa kwanza! Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa mpini iko karibu na vidole, mbele na nyuma, na pande hizo mbili karibu zinaondoana, kama watoto wawili waliokaa kwenye ubao wa pembea.

Lakini sogeza vidole nyuma, sentimeta 7 kutoka kichwani. Sasa mpini wa plastiki watoa gramu 35, ule wa gramu 50 watoa 48, na ule mzito watoa 62. Visogeze mbele hadi sentimeta 3, na mambo hugeuka kabisa: wa plastiki watoa gramu 22 na nusu, wa gramu 50 watoa gramu 5 tu, na ule mzito haulemei kabisa, bali mkia wake washuka na kichwa chainuka kutoka shavuni. Mtu aliyeshika hivyo huona wembe haukati, naye bila kujua huukandamiza kwa kidole cha shahada. Baadaye atalaumu wembe.

Hii ndiyo hoja yetu. Mpini mwepesi haumpi mtu jambo la kuchagua. Popote aushikapo, ni gramu 22 hadi 35, na mkono usiohisi kitu chochote hutafuta nguvu mahali pengine, yaani kwenye misuli. Mpini mzito wampa mengi ya kuchagua, toka kichwa kuinuka hadi gramu 62, na asiyejua kuchagua utamdhuru. Mpini wa wastani ndio unaomfaa mtu wa kazi: wauhisi mkononi, wajua kichwa kiko wapi hata gizani, na ukikosea mahali pa kushika kwa sentimeta moja haukuadhibu.

Yako mambo mengine mawili ambayo wauzaji hawayasemi. Uzito huvuta chini daima; haujui shavu wala kidevu. Unaponyoa shavu kwenda chini, uzito huusukuma wembe upite katikati ya nywele, wala si ndani ya ngozi, na hilo ni jema. Ukifika chini ya taya na kuugeuza wembe uende juu, uzito uleule sasa wakuvuta nyuma, na mkono wabeba kazi yote. Basi wale wasemao kwamba mashine nzito hujinyolea yenyewe wasema kweli kwenye mashavu, na kwenye shingo wasema uongo. Nayo shingo ndiyo mahali vipele vinapopenda kukaa.

Jambo la pili ni utulivu. Chombo kizito hakishtuki upesi. Wembe mwepesi ukikutana na ndevu ngumu husita, kisha huruka, na pale uliporuka ndipo damu inapotoka. Mpini wenye uzito huendelea na mwendo wake, kama gari lenye shehena lipitavyo juu ya kokoto bila kurukaruka. Faida hii haitokani na mahali pa kulingana bali na uzito wote kwa jumla, nayo ni sababu ya haki ya kuuacha mpini wa plastiki.

Tukiulizwa kiasi, tutasema mashine nzima iwe kati ya gramu 70 na 90, na zaidi ya nusu ya uzito huo iwe mpinini. Si kiasi cha ajabu. Mashine moja maarufu ya Merkur, kutoka mji wa Solingen huko Ujerumani, ambayo wengi duniani hujifunzia, ina kiasi cha gramu 77, na mpini wake ni mfupi na mnene. Zipo zinazopita gramu 120. Hizo twawaachia waliokwisha kuzoea na wenye muda wa kunyoa taratibu. Aliyeamshwa saa kumi ya usiku na king'ora hana muda huo.

Wengine watasema kwamba askari atembeaye porini hafai kubebeshwa vyuma. Na wapime basi. Tofauti kati ya mpini wa plastiki na ule wa shaba ni kama gramu 40, na risasi moja ya bunduki ya AKM ina gramu zipatazo 16. Tunagombana juu ya uzito usiofika risasi tatu.

Jambo la kupunguza gharama ni hili: mashine nyingi za vipande vitatu zinazotengenezwa leo zina skrubu ya kipimo kimoja, ile ya milimita 5. Kwa hiyo mpini wa mashine hii mara nyingi huingia katika kichwa cha ile. Askari wawili wa chumba kimoja wanaweza kubadilishana mipini kwa asubuhi moja, vichwa na nyembe kila mtu abaki na vyake, wakajionea wenyewe kwa shavu lao haya tuliyoyaandika. Hapana hesabu ya gazetini itakayomshawishi mtu kuliko hiyo. Lakini achunguze pia ngozi ya mpini. Mpini mzito usiochongwa mistari huteleza ukiwa na sabuni, na vichwa vya zinki vikianguka juu ya sementi skrubu yake hukatika. Shaba na chuma cha pua huvumilia zaidi.

Tumetaja kubadilishana mipini, tusieleweke vibaya. Wembe haubadilishwi wala hauazimwi. Damu isiyoonekana kwa macho yatosha kupeleka virusi vya homa ya ini aina ya B kutoka uso mmoja hadi mwingine, na virusi vya UKIMWI navyo vyaweza kupita njia hiyohiyo. Mabweni yaliyojaa na asubuhi za haraka ndipo watu husema, "Nipe wako nimalizie." Mtu akatae, hata aombaye akiwa rafiki, hata akiwa afande.

Kwa wale wanaoanza, twawapa angalizo la juma la kwanza. Mkono uliozoea plastiki umejifunza kusukuma, nao utausukuma na mpini wa chuma vilevile, na hapo utajikata. Shika nyuma kidogo ya pale mashine inapolingana, kwa dole gumba na vidole viwili, vingine vipumzike. Wembe uwe mpya au karibu mpya, ngozi iwe imelowa maji ya uvuguvugu, povu liwe la kutosha. Fuata ndevu zinakoelekea, usizipinge, wala usiivute ngozi ikanyoka kama ngoma. Ukipita mara moja na kukabaki kivuli cha ndevu, kiache. Kivuli hicho hakionekani hatua tatu mbele ya anayekagua gwaride, na mwenye kukitafuta kwa kidole ana kazi chache mno za kufanya.

Tukisema hivyo, twajua kwamba tunawagusa wakubwa. Na tuwaguse kidogo. Kuruta apewapo buti, hupimwa mguu. Apewapo kofia, hupimwa kichwa. Lakini kwa uso wake ambao utakaguliwa kila siku kwa miaka ishirini, aghalabu huachiwa anunue chochote akipatacho dukani. Wembe wa kutupa ni rahisi siku ya kwanza. Mtu anyoaye kila siku hatakwenda juma na nusu kabla hajanunua mwingine, ilhali mashine ya shaba itakaa na mwenyewe mpaka astaafu, na gharama inayobaki ni ya ule wembe mwembamba tu, ambao ni katika vitu vya bei ndogo kabisa dukani. Mwenye bohari ajuaye kuzidisha na afanye hesabu ya mwaka mmoja kwa kikosi kizima, kisha aongeze juu yake siku ambazo kijana amekaa zahanati kwa ajili ya shingo iliyotunga usaha.

Na ambaye vipele vimekwisha kumzidi, mpini wowote hautamponya. Huyo apelekwe kwa daktari, apumzishwe kunyoa hadi ngozi ipone, na asionekane mkaidi. Jeshi la Uingereza, ambalo kanuni zake nyingi za mavazi na za uso zilienea katika nchi hizi zetu, lenyewe liliwaruhusu askari wake kufuga ndevu mwezi Machi 2024, kwa masharti ya unadhifu. Sisi hatutaki kuamua habari ya ndevu. Hiyo ni ya wenye amri. Twasema tu kwamba mpaka hapo amri itakapokuwa nyingine, askari atanyoa kesho asubuhi, na mashine atakayoishika itakuwa inalingana mahali fulani. Na aitafute leo jioni kwa kidole chake, kungali kweupe.